Uzazi wa Mpango Usingoje Fadhila ya Wageni

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa Serikali wa Unguja.



Kila mwaka, msimu wa bajeti unapokaribia, maofisa wa mipango hukaa na makaratasi yao na kujiuliza swali lile lile: lipi lipunguzwe na lipi libaki. Mishahara haiguswi. Mafuta ya magari ya wagonjwa yakipunguzwa, malalamiko husikika siku hiyo hiyo. Lakini yapo mafungu ambayo yakikatwa leo hapana atakayelalamika kesho, kwa kuwa hasara yake huchukua miezi tisa kuonekana, na miaka saba kuufikia mlango wa skuli. Fungu la uzazi wa mpango ni mojawapo ya hayo. Mwanamke wa Mji Mkongwe au wa Mkokotoni aliyeambiwa kwamba dawa imekwisha haendi kuandamana. Hujifunga kanga yake akarudi nyumbani.

Ukimya huo ndio unaofanya jambo hili listahili kuzungumzwa kwa uwazi na watu wanaoandika bajeti, wanaoitekeleza, na wanaopokea matokeo yake madarasani. Madhumuni ya maelezo haya ni kuonyesha mambo mawili. Jambo la kwanza ni kwamba kupunguza fedha za Serikali katika huduma ya uzazi wa mpango si kubana matumizi, bali ni kuyaahirisha yapate kurudi yakiwa makubwa zaidi. Jambo la pili ni kwamba huduma hiyo haifai kuachwa itegemee fedha ambazo hatima yake huamuliwa na wapigakura wa nchi nyingine.

HESABU YA WATU NA AHADI YA SERIKALI

Sensa ya mwaka 1978 iliwahesabu watu 476,111 katika Zanzibar nzima, Unguja na Pemba. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 896,721 katika kisiwa cha Unguja peke yake, na sensa ya mwaka 2022 ikakuta watu 1,346,332 katika kisiwa hicho hicho. Maana yake ni kwamba katika muda wa miaka kumi tu Unguja imeongezewa watu 449,611, idadi inayokaribia ile ya wakazi wote wa Zanzibar wa mwaka 1978. Mkoa wa Mjini Magharibi, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 230, ulikuwa na watu 593,678 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye walikuwa 893,169.

Takwimu hizi hazifai kutumiwa kwa kutisha watu. Sehemu ya ongezeko hilo imeletwa na wahamiaji waliotoka Pemba na Tanzania Bara kufuata kazi za utalii, ujenzi na biashara, na hapana dawa ya uzazi inayomzuia mtu kupanda boti. Wala watu si mzigo kwa taifa lao; wao ndio wenye kulijenga. Hata hivyo, sensa ya 2022 ilionyesha kwamba watu wa Zanzibar walikuwa wakiongezeka kwa asilimia 3.7 kwa mwaka. Kasi ya namna hiyo ikiendelea, idadi huwa maradufu katika miaka ipatayo 19. Mwalimu hahitaji kufasiriwa maana ya hesabu hiyo. Mahali palipo na wanafunzi 1,000 patahitajika nafasi ya wanafunzi 2,000 kabla mtoto aliyeingia darasa la kwanza leo hajatimiza umri wa miaka 27.

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kuwa elimu Zanzibar itatolewa bila ya malipo na bila ya ubaguzi. Matibabu nayo yakafanywa kuwa haki ya kila mwananchi. Hizo ni ahadi kubwa, na kila mtoto anayezaliwa ni mdai halali wa ahadi hizo: anadai chanjo, dawati, mwalimu, kitabu na kitanda cha hospitali. Skuli nyingi za Unguja zimelazimika kwa miaka mingi kufundisha kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana, na Serikali imejitahidi kujenga skuli za ghorofa ili kuuondoa utaratibu huo. Anayejenga madarasa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaikata huduma inayowawezesha wazazi kupanga uzazi wao, hufanana na mtu anayekomba maji ya ngalawa bila ya kuutazama ufa.

Wazo hili si geni katika nchi hii. Mwaka 1969, alipokuwa akiuwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Julius Nyerere aliwakumbusha wajumbe wa TANU kwamba kuzaa ni jambo ambalo binadamu hulishiriki pamoja na wanyama, lakini kulea na kuelimisha kwa miaka mingi ni jukumu la binadamu peke yake. Wahenga nao walikwisha kulifupisha: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Huko Dar es Salaam chama cha hiari kilichokuja kujulikana kwa jina la UMATI kilikuwa kimekwisha kuanza shughuli zake tangu mwaka 1959. Zanzibar ilichelewa. Katika miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi mpango wa uzazi haukuwa sehemu ya huduma za Serikali, na ni katika miaka ya 1980 ndipo ulipotiwa katika kliniki za mama na mtoto.

Kuchelewa huko bado kunaonekana. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake walioolewa, wale waliotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 32 kwa Tanzania nzima, lakini asilimia 14 tu kwa Zanzibar. Huduma iliyo changa kiasi hicho haina mafuta ya kupunguzwa. Ikikatwa, hukatwa mfupa.

HUDUMA YENYE KALENDA

Iko tofauti kubwa baina ya huduma hii na kazi nyingi za Serikali. Barabara ikikosa fedha mwezi Machi inaweza kusimama, na mwezi Agosti ikaendelea kutoka pale ilipoachwa. Jengo la ofisi linaweza kukaa bila ya rangi kwa mwaka mzima. Uzazi hausimami kungoja robo ya pili ya mwaka wa fedha.

Sindano inayopendwa na wanawake wengi hufanya kazi kwa muda wa miezi mitatu. Vidonge vya majira humezwa kila siku. Vipandikizi, yaani vile vijiti vidogo vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, hukaa miaka mitatu au mitano kwa kadiri ya aina yake. Kitanzi hukaa zaidi ya hapo. Kila njia ina kalenda yake, na kalenda hiyo haijui kwamba Hazina haijatoa fedha au kwamba zabuni imechelewa.

Chukua mfano wa mama mkulima wa mwani wa Jambiani, mwenye watoto wanne, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Yeye na mumewe wamekubaliana kupumzika. Ameacha kazi yake wakati wa bamvua, siku ambazo maji yakitoka sana ndipo mwani unapovunwa, akaenda kituoni kwa ajili ya sindano yake, na huko akaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo huambiwa aende hospitali ya Makunduchi. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na siku mbili za kazi zilizopotea, ni gharama ambayo haimo katika kitabu chochote cha bajeti, lakini imelipwa, na aliyeilipa ni mwananchi maskini kuliko wote waliohusika. Akishindwa kuilipa, mimba ya tano huingia si kwa kuwa aliitaka, bali kwa kuwa bohari ilikuwa tupu.

Jambo la kipandikizi linahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Kijiti hicho huwekwa na mtu aliyefundishwa, na hutolewa na mtu aliyefundishwa. Mwanamke aliyewekewa kipandikizi cha miaka mitatu mwaka 2023 ana ahadi na Serikali mwaka 2026: akirudi kituoni, ama akitaka kingine, ama akitaka kuzaa, amkute muuguzi anayejua kukitoa, mwenye wembe safi, dawa ya ganzi na bandeji. Kwa hiyo Serikali inapopunguza fedha za mafunzo na vifaa haipunguzi huduma ya wateja wapya tu. Inawaacha njiani wale waliokwisha kuiamini. Na mwanamke aliyeachwa njiani husimulia habari hiyo kwa jirani zake kumi, na hao hawatafika kituoni kamwe.

Wapo wanaodhani kwamba fedha zisizotumika katika uzazi wa mpango hubaki mfukoni mwa Serikali. Hesabu inakataa. Taasisi ya Guttmacher ya Marekani, iliyofanya makadirio kwa nchi zinazoendelea kwa kutumia takwimu za mwaka 2019, iliona kwamba kila dola moja inayoongezwa katika huduma za kuzuia mimba zisizotarajiwa huokoa dola tatu katika gharama za kuwahudumia waja wazito, wazazi na watoto wachanga. Dola hizo tatu hulipwa wapi? Kwa Unguja hulipwa Mwembeladu na Mnazi Mmoja, Kivunge na Makunduchi: katika damu ya kuongezewa mama aliyetokwa na damu nyingi, katika chumba cha upasuaji, katika uangalizi wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Hulipwa kwa bei ya dharura, usiku, na mara nyingine hulipwa kwa roho ya mtu.

FEDHA ZA WENGINE

Ndugu walimu na watumishi, hapana budi sasa kutazama fedha hizo zimekuwa zikitoka wapi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vilivyotumika Tanzania imenunuliwa na wafadhili, hususan Shirika la Idadi ya Watu la Umoja wa Mataifa, UNFPA, na Shirika la Misaada la Marekani, USAID. Msaada huo umewafaa mamilioni ya watu, na si uungwana kuubeza. Lakini historia yake inafundisha.

Mwezi Agosti mwaka 1984, katika mkutano wa kimataifa wa idadi ya watu uliofanyika Mexico, serikali ya Rais Ronald Reagan ilitangaza kwamba Marekani haitatoa fedha za uzazi wa mpango kwa mashirika ya nje yasiyo ya serikali yanayotoa au kuhimiza huduma ya utoaji mimba, hata kama mashirika hayo yangetumia fedha zao wenyewe kwa kazi hiyo. Januari 1993 Rais Clinton aliifuta siasa hiyo. Januari 2001 Rais Bush aliirudisha. Januari 2009 Rais Obama aliifuta. Januari 2017 Rais Trump aliirudisha na kuitandaza juu ya misaada yote ya afya. Januari 2021 Rais Biden aliifuta, na Januari 2025 Rais Trump, aliporudi madarakani, akairudisha tena. Katika muda wa miaka 41 mlango mmoja umefunguliwa na kufungwa mara saba, na hapana hata mara moja ambapo mama wa Nungwi aliulizwa maoni yake.

Madhara yake hayakubaki katika makaratasi. Baada ya uamuzi wa 2001, chama cha uzazi wa mpango cha Kenya kilikataa masharti hayo na kikalazimika kufunga baadhi ya kliniki zake, ikiwamo ile iliyowahudumia maskini wa bonde la Mathare mjini Nairobi. Ajabu ni kwamba siasa hiyo haikupunguza hata lile jambo iliyokusudia kulipunguza. Uchunguzi wa nchi 26 za Afrika kusini ya Sahara, uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Global Health, ulionyesha kwamba wakati siasa hiyo ilipokuwa ikitumika, katika nchi zilizotegemea zaidi msaada wa Marekani, utumiaji wa njia za uzazi wa mpango ulipungua na utoaji mimba ukaongezeka kwa kiasi cha asilimia 40. Anayechukia utoaji mimba, na katika visiwa hivi ni wengi wanaouchukia kwa dini na kwa utu, hana budi kulitafakari tokeo hilo.

Wala si Marekani peke yake. Mwaka 2021 Uingereza, ilipopunguza misaada yake ya nje, ilishusha mchango wake kwa mpango wa UNFPA wa kununua dawa za uzazi kutoka paundi milioni 154 zilizotarajiwa hadi paundi milioni 23. Punguzo hilo la asilimia 85 lilifanywa kwa sababu za Hazina ya London, si kwa sababu za vituo vya afya vya Afrika.

Mwaka 2025 ulilidhihirisha jambo hili kuliko miaka yote iliyotangulia. Januari mwaka huo misaada ya nje ya Marekani ilisimamishwa, na ilipofika tarehe 1 Julai USAID ikafungwa. Katika bohari ya mji wa Geel nchini Ubelgiji zilibaki dawa na vifaa vya kuzuia mimba vyenye thamani ya dola milioni 9.7, vilivyokwisha kununuliwa na kulipiwa. Shehena hiyo haikuwa mbovu; vilivyokuwamo vingeweza kutumika hadi mwaka 2027 na zaidi. Mashirika ya kimataifa yalijitolea kuipokea na kuisafirisha. Hata hivyo, mwezi wa Julai serikali ya Marekani ilithibitisha kwamba imeamua iteketezwe. Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Uzazi wa Mpango, IPPF, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano za Afrika zilizokusudiwa kupelekewa sehemu kubwa ya shehena hiyo: sindano zaidi ya milioni moja na vipandikizi zaidi ya 365,000, kiasi kilichokadiriwa kuwa asilimia 28 ya mahitaji ya nchi kwa mwaka.

Hapo pana somo. Yule anayetoa fedha zake ana haki ya kuzizuia. Hilo ni tabia ya fedha za mtu mwingine, na kulalamika hakutaibadilisha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuonya juu ya taifa kuyajenga maendeleo yake juu ya fedha za nje. Onyo hilo husomwa zaidi kuhusu viwanda na kilimo, lakini linahusu vile vile kabati la dawa la kituo cha afya. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

HOJA ZA WENYE SHAKA

Wako wananchi wema wanaoona kwamba Serikali ingefanya vizuri kujitoa katika huduma hii. Hoja zao zinastahili kujibiwa kwa heshima, maana hazitokani na ujinga.

Hoja ya kwanza ni ya dini. Wazanzibari walio wengi sana ni Waislamu, na wapo wanaoamini kwamba kupanga uzazi ni kuingilia riziki na kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini wanazuoni wamelijadili suala hili tangu kale. Zimepokewa habari kwamba masahaba walitumia azli, yaani kumwaga nje, katika zama za Mtume, na Imamu al-Ghazali aliijadili kwa kirefu miaka 900 iliyopita na kuitaja miongoni mwa mambo yanayojuzu. Kurani yenyewe, katika Sura ya al-Baqara, imetaja miaka miwili kamili ya kumnyonyesha mtoto. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, waliokutana mwaka 2005, walishauri mama akae miezi isiyopungua 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Muda ni ule ule. Linalokatazwa na wanazuoni wengi ni kukata kizazi moja kwa moja bila ya dharura na kuitoa mimba iliyokwisha kutungwa. Kupisha nafasi baina ya mtoto na mtoto kwa maelewano ya mume na mke ni jambo jingine.

Hoja ya pili ni ya nguvu kazi. Husemwa kwamba nchi inahitaji watu, na kwamba mwenye bidii hashindwi kuwalisha watoto wake. Mwezi Septemba 2018 Rais John Magufuli aliitamka hoja hiyo hadharani alipokuwa ziarani Meatu, na katika mwezi huo huo Wizara ya Afya ya Tanzania Bara ilisimamisha matangazo ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakitolewa na mradi wa wafadhili. Ni kweli kwamba taifa hujengwa na watu. Lakini Unguja haiongezeki kwa upana. Mashamba ya karafuu, mpunga na minazi yamegeuka viwanja vya nyumba. Tena nguvu kazi ya leo si idadi ya mikono peke yake. Ni mikono iliyosomeshwa, yenye afya, iliyotoka katika nyumba ambayo mzazi aliweza kulipia daftari na sare za kila mtoto.

Iran inatoa mfano unaofaa. Mwaka 1989, baada ya vita, Jamhuri hiyo ya Kiislamu ilianzisha mpango wa uzazi kwa kuungwa mkono na wanazuoni wake, na wastani wa watoto kwa mwanamke ukashuka kutoka zaidi ya watano hadi wapatao wawili katika muda usiozidi miaka 15. Mwaka 2012 serikali ikageuza siasa yake na kuziondoa fedha za mpango huo, ikitaka watu waongezeke. Na sheria ya mwaka 2021 ikapiga marufuku kugawa dawa hizo bure katika vituo vya umma. Pamoja na yote hayo, wastani wa uzazi umeendelea kuwa chini ya watoto wawili. Mwenye fedha hununua dukani. Asiye nazo ndiye anayebaki bila ya msaada. Kukata fedha hakuongezi nguvu ya taifa. Kunabadilisha tu ni nani anayeweza kupanga na nani asiyeweza.

Hoja ya tatu ni ya afya. Wanawake hulalamika juu ya hedhi iliyovurugika, maumivu ya kichwa, na kuchelewa kushika mimba baada ya kuacha sindano. Malalamiko haya mengi ni ya kweli, na ni kosa kuyafanyia mzaha. Sindano ya miezi mitatu inaweza kuchelewesha mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuachwa, na kila mteja anapaswa kuambiwa hivyo mapema. Lakini dawa ya tatizo hili ni muuguzi mwenye nafasi ya kumsikiliza mteja, kumpima na kumbadilishia njia. Kituo kilichonyimwa fedha hubaki na njia moja tu katika kabati, na mteja huambiwa achukue hiyo au aondoke. Kwa hiyo anayelalamikia madhara ya dawa angepaswa kuwa wa kwanza kudai fedha zaidi, si pungufu.

Hoja ya nne ni kwamba mpango wote huu ni njama ya wageni ya kuwapunguza Waafrika. Hofu hiyo haikuzuka hewani. India, katika miaka ya hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, wanaume wengi walikatwa mishipa ya uzazi kwa kushurutishwa ili maofisa watimize idadi walizopangiwa, na doa hilo liliuchafua mpango wa uzazi wa nchi hiyo kwa miaka mingi. Lakini hoja hii ikitazamwa sawasawa inaelekea upande mwingine. Ikiwa wananchi wanashuku mkono wa mgeni, basi huduma na itolewe kwa mkono wa mwenyeji: kwa fedha za Baraza la Wawakilishi, kwa sera ya Zanzibar, na kwa muuguzi wa kijijini anayejulikana jina la baba yake.

YALIYO WAJIBU WA SERIKALI NA WATUMISHI WAKE

Afya si jambo la Muungano. Uamuzi juu ya huduma hii kwa Unguja na Pemba umo mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wizara, Hazina na Wawakilishi wanayo mamlaka ya kutosha, na mambo ya kufanywa yanajulikana.

Kwanza, dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vipewe kifungu chao katika bajeti, na kifungu hicho kilindwe, kisihamishwe kwenda kuziba mapengo ya safari na semina. Fedha ya wafadhili ikija iwe nyongeza, isiwe msingi. Na ieleweke kwamba fedha iliyoidhinishwa si fedha iliyotolewa. Afisa wa mipango asiridhike na tarakimu iliyomo kitabuni mpaka aione bohari imepokea mzigo.

Pili, iwepo akiba ya miezi kadhaa katika bohari ya dawa. Visiwa hutegemea meli na ndege, na agizo la dawa kutoka ng'ambo huchukua muda mrefu. Kununua baada ya kabati kuwa tupu ni kununua kwa kuchelewa.

Tatu, kila wilaya iwe na wauguzi na wakunga wa kutosha waliofundishwa kuweka na kutoa vipandikizi na vitanzi. Anayehamishwa au kustaafu awe na mrithi kabla hajaondoka.

Nne, wanaume washirikishwe. Katika nyumba nyingi za Unguja mke hafiki kituoni bila ya ruhusa ya mumewe, na mume hajapata kuelezwa jambo lolote na mtu yeyote. Maelezo yatolewe barazani, katika vyama vya ushirika vya wavuvi na wakulima, na kwa msaada wa masheikh wanaoaminiwa na watu wao.

Tano, hiari ibaki hiari. Asiwepo mtumishi atakayepangiwa idadi ya wateja wa kuleta, wala mwananchi atakayenyimwa huduma nyingine kwa kukataa hii. Mwenye kutaka watoto wanane na aheshimiwe kama mwenye kutaka watatu, na mwenye kutaka mtoto baada ya miaka mingi ya kukosa ahudumiwe kwa bidii ile ile.

Walimu wanayo nafasi ya pekee. Msichana anayebaki skulini hadi kumaliza masomo yake aghalabu huolewa na huzaa kwa kuchelewa zaidi kuliko aliyeachishwa. Mwalimu anayempigania mwanafunzi huyo asiachishwe hufanya kazi ambayo hapana dawa inayoweza kuifanya. Kwa upande mwingine, afisa wa Serikali aliyezoea kuandika neno "punguza" pembeni mwa kifungu anapaswa kwanza kujiuliza: gharama hii itapungua kweli, au itahamia wodi ya wazazi, kisha darasa la kwanza, na baadaye foleni ya vijana wanaotafuta kazi?

Miezi ya bajeti haiko mbali, na safari hii hapana sababu ya kudhani kwamba pengo litazibwa na mtu wa nje. Kila Mwakilishi atakayesimama kujadili makadirio ya Wizara ya Afya aulizwe na wananchi wake jambo moja tu: mama anayekwenda kituoni mwezi huu atapata anachokifuata, na miezi mitatu baadaye akirudi atakikuta tena? Jibu lake liwe ni kifungu cha bajeti kinachoonekana na fedha zilizokwisha kutolewa.